Peni ya Maziko na Peni Tatu za Hospitali

 Juma lililopita tulizungumza habari za mishahara. Leo tutazungumza habari za fedha zinazotoka katika mshahara kabla haujafika mkononi mwako.

Wengi wenu mmeajiriwa: mashambani, viwandani, mahotelini, maofisini. Kila mwisho wa mwezi mnapewa karatasi, nayo ni hati ya mshahara. Katika karatasi hiyo yameandikwa makato. Makato mengine ni ya lazima, sheria imeyaamuru, wala huulizwi. Lakini mengine ni ya hiari. Siku moja alikuja mtu aliyevaa vizuri, akaketi kivulini pale kazini wakati wa chai, akaeleza habari za bima ya ziada: bima ya ajali, bima ya maisha, bima ya msiba, bima ya kulazwa hospitali. Kisha akatoa fomu. Ukatia sahihi, au ukakataa. Je, ulijua ni kitu gani ulichokuwa ukichagua?

Mimi sikujua, na sioni haya kusema. Nilipoajiriwa mara ya kwanza nilikuwa karani katika ofisi moja, na wakala wa bima alipokuja nilitia sahihi kwa kuwa wenzangu wote walitia. Nikakatwa shilingi 5,000 kila mwezi. Mwaka wa tatu nikaugua kidole tumbo, nikapasuliwa. Nilipokwenda kudai, nikaambiwa kwa upole kwamba bima yangu ni ya ajali, na kidole tumbo si ajali, ni ugonjwa. Nilirudi nyumbani nikaitafuta ile hati, nikaisoma kwa mara ya kwanza. Kweli, iliandikwa hivyo, tena ukurasa wa kwanza. Nami nilikuwa na diploma ya chuo kikuu.

Kwa hiyo leo nataka tusafiri mbali kidogo, mpaka Uingereza ya miaka mia moja na zaidi iliyopita. Tunakwenda huko kwa sababu wafanyakazi wa Uingereza walikutana na swali hili mapema, tena kwa muda mrefu, na habari zao zimeandikwa vizuri. Tutaona walichagua nini na kilichowapata.

Kwanza tuelewane juu ya fedha zao. Wakati huo pauni moja ilikuwa shilingi 20, na shilingi moja ilikuwa peni 12. Wazee wetu walioshika shilingi ya Afrika ya Mashariki zamani za ukoloni wataelewa upesi, maana shilingi ile ilikuwa na thamani sawa na shilingi ya Uingereza. Basi ukisikia peni, fikiri juu ya sehemu moja katika sehemu kumi na mbili za shilingi. Ni kitu kidogo. Lakini mtu maskini hupoteza fedha zake kwa peni peni, hapotezi kwa mapauni.

Katika karne ya 19 mfanyakazi wa Uingereza alipougua, mshahara ulikatika siku ile ile. Hapakuwa na sheria ya kumlipa. Mafundi waliopata mshahara mzuri kidogo walijiunga katika vyama vya kusaidiana. Kimoja kilichokuwa kikubwa ni kile cha Oddfellows wa Manchester, kilichoanza mwaka 1810. Wanachama walitoa fedha kila juma, na aliyeugua alipewa posho mpaka apone. Walikutana, walijuana, walikwenda kumtazama mgonjwa. Nasi tunavyo vyama vya namna hiyo, navyo tunaviita vyama vya kufa na kuzikana, kwa hiyo sina haja ya kuwaelezeni zaidi.

Lakini wale maskini hasa, wachukuzi, wafua nguo, vibarua wa bandarini, hawakuweza kulipa ada ya vyama hivyo. Wao waliogopa jambo moja kuliko ugonjwa. Waliogopa kuzikwa kimaskini.

Jambo hili yafaa tulikalie kidogo. Mtu aliyekufa bila fedha ya maziko alizikwa kwa gharama za wilaya, katika kaburi la pamoja, bila jiwe wala jina. Tena kulikuwa na sheria ya mwaka 1832 iliyoruhusu maiti ya maskini isiyodaiwa na jamaa kupelekwa kwa wanafunzi wa udaktari ikachanwe kwa masomo. Fikiri wewe ni mama, umefiwa na mtoto, na majirani wanatazama. Utatoa chochote ili mwanao azikwe kwa heshima.

Makampuni ya bima yaliijua hofu hiyo. Kampuni ya Prudential, iliyoanzishwa London mwaka 1848, ilianza mwaka 1854 kuuza bima kwa watu maskini kwa malipo ya peni moja moja kwa juma. Mawakala walipita mlango kwa mlango, siku ile ile ya juma, mwenye nyumba akiwa ametoka kupokea mshahara. Makampuni mengine yakafuata. Wakala alikuwa mtu wa kuzoeleka: alijua majina ya watoto, aliuliza hali ya bibi, alikunywa chai. Kitabu chake kilikuwa na mistari mingi ya peni moja, peni mbili.

Mwaka 1913 alitoa kitabu bibi mmoja aliyeitwa Maud Pember Reeves. Yeye na wenzake walikuwa wamezitembelea kwa miaka kadhaa familia za Lambeth, mtaa wa London, zilizokuwa zikiishi kwa mshahara wa kiasi cha pauni moja kwa juma. Waliwaomba akina mama waandike matumizi yao yote. Na wasiojua kuandika waliyakumbuka kwa kichwa, au watoto wao wakawaandikia. (Wanafunzi wangu, mnaona kwamba ninyi si wa kwanza.) Katika hesabu hizo palikuwa na kodi ya nyumba, makaa, mkate, na katika karibu kila nyumba palikuwa na bima ya maziko. Kwa mtoto mdogo kawaida ilikuwa peni moja kwa juma. Chakula kiliweza kupunguzwa, na kwa kweli kilipunguzwa. Bima ya maziko haikupunguzwa. Maziwa mabichi kwa watoto hayakupatikana kabisa, kwa kuwa yalikuwa ghali.

Mimi sithubutu kumcheka mama yule. Alijua kwamba watoto hufa, alikwisha kuona. Lakini tazama hesabu yenyewe. Ile peni ilimsaidia mtoto baada ya kufa, haikumsaidia akiwa hai. Na mume akikosa kazi majuma machache, malipo yakasimama, bima ilikatika na fedha zote za nyuma zikapotea. Ilikuwa hivyo kwa watu wengi mno, mpaka sheria ya mwaka 1923 ikapunguza ukali huo kidogo.

Biashara hii ilikua ajabu. Mwaka 1942, Sir William Beveridge alipoandika taarifa yake mashuhuri kwa serikali ya Uingereza, alikuta hati za bima za namna hii zaidi ya milioni 100, katika nchi ambayo watu wake hawakufika milioni 50. Maana yake, kila mtu, mpaka mtoto mchanga, alikuwa na hati mbili na zaidi. Akapiga hesabu ya gharama pia. Katika kila shilingi 20 zilizotolewa na watu, kiasi cha shilingi 7 na peni 6 zililiwa na gharama za kuendesha kazi yenyewe. Peni ya mjane ililipa viatu vya wakala aliyekuja kuichukua.

Sasa turudi nyuma, mwaka 1911. Katika mwaka huo waziri wa fedha David Lloyd George alipitisha bungeni sheria ya bima ya taifa. Kwa mara ya kwanza bima ya ugonjwa ikawa lazima kwa wafanyakazi wa Uingereza: watu wote wa kazi za mikono, na waajiriwa wengine wenye mshahara usiozidi pauni 160 kwa mwaka. Makato yakaanza Julai 1912. Mwanamume alikatwa peni 4 kwa juma, mwajiri akatoa peni 3, serikali ikaongeza peni 2. Lloyd George alizunguka nchi akiwaambia watu kwamba watapata peni 9 kwa peni 4. Kila juma mwajiri alibandika stempu kwenye kadi ya mfanyakazi, nayo ndiyo ilikuwa ushahidi wake.

Mfanyakazi alipata nini? Tangu Januari 1913 alipata daktari bila kulipa. Akiugua, tangu siku ya nne alipata shilingi 10 kwa juma, na mwanamke mfanyakazi shilingi 7 na peni 6, kwa majuma 26. Kwa mtu ambaye jana hakuwa na kitu, hii ilikuwa neema kubwa.

Lakini, ndugu msomaji, kila bima ina tundu. Nataka tuyatafute matundu ya bima hii, maana hapo ndipo penye moyo wa somo letu. La kwanza: kadi ilikuwa ya mfanyakazi peke yake. Mke wake asiyeajiriwa hakuwamo, wala watoto hawakuwamo. Kwa mke palikuwa na kitu kimoja tu, shilingi 30 alipojifungua. Na hata hizo zilihesabiwa kuwa mali ya mume mpaka akina mama walipopiga kelele, sheria ikarekebishwa mwaka 1913 zikawa mali ya mama. La pili: bima ililipa daktari wa kawaida, haikulipa kulazwa wala kupasuliwa hospitalini. La tatu: meno na macho hayakuwamo. La nne: mume akifa, mjane hakupata pensheni. Lloyd George alitaka kuwalipa wajane, lakini makampuni ya bima yalipinga kwa nguvu kwa sababu yaliogopa kuharibiwa biashara yao ya bima za vifo, naye akaliacha jambo hilo. Wajane wakangoja mpaka sheria ya mwaka 1925.

Basi matundu hayo manne yalihitaji kuzibwa na bima ya ziada. Swali ni nani alijua kuyaziba.

Hapa pana jambo la ajabu kidogo, nisikilizeni vizuri. Serikali haikugawa fedha za ugonjwa yenyewe. Ilimwambia kila mfanyakazi achague chama kilichoidhinishwa, na chama hicho ndicho kingemlipa. Vyama vya kusaidiana viliidhinishwa, vyama vya wafanyakazi viliidhinishwa, na makampuni ya bima nayo yakaunda vyama vyao, yakaidhinishwa. Malipo ya lazima yalikuwa sawa kwa kila chama. Lakini kila miaka mitano vitabu vya chama vilikaguliwa, na chama kilichokuwa na fedha za ziada kiliruhusiwa kuwapa wanachama wake mafao ya ziada: kuwasaidia kutengeneza meno, kununua miwani, kwenda kupumzika penye hewa safi baada ya ugonjwa, au kuongezewa posho ya ugonjwa. Mafao hayo yalianza kutolewa mwaka 1921.

Sasa fikiri. Kijana wa miaka 16 ameanza kazi kiwandani. Anaambiwa achague chama. Ni mzima, meno yake yote yamo kinywani, macho yake yanaona mpaka ng'ambo ya mto. Atachaguaje? Wengi walichagua bila kuchagua. Jioni alikuja yule wakala wa peni ya maziko, mtu wanayemjua tangu utoto, akasema, Mama, huyu kijana sasa ameanza kazi, mwandike kwetu. Akaandikwa. Hakuna aliyeuliza chama hicho kinatoa msaada wa meno au hakitoi.

Baada ya miaka ishirini, wafanyakazi wawili waliosimama kwenye mashine moja, waliokatwa peni zile zile kila juma, walijikuta mbalimbali. Mmoja aliumwa jino na chama chake kikalipa sehemu ya gharama. Mwenzake aliumwa jino, chama chake kilikuwa hakina ziada, akaling'oa kwa fedha zake au akavumilia. Chama cha makarani na watumishi wa maduka, watu wasiougua sana, kilitajirika. Chama cha wachimbaji wa makaa ya mawe, ambao kazi yao yenyewe huvunja mwili, kilikuwa na wagonjwa wengi na ziada haikubaki. Kwa hiyo waliohitaji zaidi ndio waliopata kidogo. Na kuhama hakukuwa rahisi, maana mwanachama mgeni kwa kawaida alisubirishwa kabla ya kufikia mafao ya ziada.

Tena vyama vilikuwa na haki ya kumkataa mtu mwenye afya mbaya. Aliyekataliwa kila mahali alipelekwa Posta. Huko kadi yake ilikuwa kama kitabu cha akiba: alipata kile alichoweka yeye na mwajiri na serikali kwa jina lake, na kikiisha, kimekwisha. Hiyo haikuwa bima. Bima ni wengi kumbeba mmoja. Yeye alijibeba mwenyewe.

Mwaka 1926 tume ya serikali ilishauri ya kwamba sehemu ya ziada ya vyama vyote ichanganywe, ili hata wa chama maskini wafaidike. Haikufanyika. Vyama tajiri havikupenda, na wenye meno yaliyokwisha tengenezwa hawakupiga kelele.

Na wale wake wa nyumbani je, ambao hawakuwamo kabisa? Mwaka 1933 iliundwa kamati ya akina mama kuchunguza afya yao. Walipata majibu ya wanawake 1,250 walioolewa, wa familia za wafanyakazi, na mwaka 1939 Margery Spring Rice akayachapisha katika kitabu. Ni kitabu kizito kukisoma. Wanawake wenye kuumwa mgongo miaka kumi, wenye vidonda vya miguu, wenye kutokwa na damu tangu kuzaa mtoto wa tatu, na wengi hawakumwona daktari, kwa sababu daktari ni fedha na fedha ni za watoto. Kama theluthi moja tu ndio waliohesabiwa kuwa na afya njema. Mume mwenye kadi alikuwa na daktari. Mke aliyempikia mume mwenye kadi hakuwa naye. Na katika nyumba nyingi za namna hiyo wakala wa maziko alikuwa bado anapita kila juma, anapata peni zake.

Lakini si watu wote waliochagua gizani. Sasa tuzitazame zile peni tatu.

Hospitali nyingi za Uingereza wakati huo zilikuwa za sadaka. Baada ya vita vya kwanza vya dunia sadaka hazikutosha, na wagonjwa wakaanza kudaiwa. Mgonjwa alipofika aliulizwa mapato yake, mume anapata nini, una vitu gani nyumbani, ili ijulikane atalipa kiasi gani. Watu waliyachukia maswali hayo. Ndipo mipango ya kuchangia hospitali ikaenea. London ulianzishwa mwaka 1922 mpango uitwao Hospital Saving Association: mwenye mapato madogo alitoa peni 3 kwa juma, na akiingia hospitali, chama kililipa wala hakuulizwa maswali ya mfukoni. Liverpool na miji ya jirani walianzisha mwaka 1928 mpango wa kukatwa peni moja katika kila pauni ya mshahara, na mwajiri ndiye aliyekata na kupeleka. Mipango mingi ya namna hii ilimkubali mke na watoto pamoja na mchangiaji.

Mnaona tofauti? Katika viwanda vingi watu walikubaliana pamoja, wakamchagua mwenzao akusanye, wakajua tundu liko wapi. Bima ya lazima haikulipa hospitali. Basi wakalipia hospitali. Bima ya lazima haikumjua mke. Basi wakatafuta mpango unaomjua mke. Peni tatu kwa juma hazikuwa fedha nyingi kuliko zile nyumba moja ilizompa wakala wa maziko. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mamilioni ya Waingereza walikuwa katika mipango hii, nayo haikuamriwa na sheria yo yote.

Sitaki kuisifu kupita kiasi. Aliyekosa kazi alikosa peni tatu. Na mtu mwenye ugonjwa mrefu, kama wa akili, mara nyingi hakupata nafasi katika mpango. Lakini ukiniuliza, katika miaka ile yote ni fedha gani ya hiari mfanyakazi wa Uingereza aliitoa kwa akili, nitakujibu ni hiyo.

Mambo yote yakageuka tarehe 5 Julai 1948. Siku hiyo ilianza huduma ya afya ya taifa, kwa kila mtu, mwenye kadi na asiye na kadi. Na vyama vilivyoidhinishwa vikaondolewa. Mwaka 1949 serikali ikaanza pia kutoa fedha ya maziko, pauni 20 kwa mtu mzima. Madaktari walioandika kumbukumbu za siku zile wanasimulia jinsi wanawake walivyojaa vyumbani mwao na magonjwa waliyoyaficha miaka mingi. Watu waliagiza miwani na meno ya bandia kwa mamilioni, hata serikali ikashtuka kwa gharama, na mwaka 1951 ikarudisha malipo kiasi kwa vitu hivyo. Kukatokea ugomvi mkubwa, waziri Aneurin Bevan akajiuzulu. Kwa hiyo tundu la meno na macho lililozibwa mwaka 1948 likafunguka kidogo tena. Na ile mipango ya peni tatu je? Wengi walidhani itakufa. Iliyobaki iligeuza kazi yake: ikaanza kumpa mgonjwa fedha taslimu akilazwa, na kumsaidia kulipia miwani na meno. Tundu lilihama, nao wakalifuata.

Sasa turudi kwetu. Msidhani kwamba habari hizi ni za Wazungu tu.

Nchini Tanzania mfuko wa akiba ya wafanyakazi, NPF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 1964. Ulikuwa kama ile kadi ya Posta: mfanyakazi aliweka, mwajiri akaweka, na mwisho mtu alipewa kilicho chake. Ndiyo maana watu wengi waliostaafu zamani walipata fedha mara moja, zikaisha. Kwa sheria ya mwaka 1997 mfuko huo ukageuka kuwa NSSF, wenye pensheni ya kila mwezi. Kenya walianza mfuko wa bima ya hospitali mwaka 1966. Hapo kwanza ulikuwa wa lazima kwa wenye mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi na zaidi, wakikatwa shilingi 20. Mwaka 1972 watu wengine wakafunguliwa mlango wajiunge kwa hiari. Nao hapo mwanzo ulilipia kulazwa. Kwa miaka mingi mwenye kuumwa bila kulazwa alijitegemea. Oktoba 2024 mfuko mwingine ukachukua nafasi ya ule wa zamani, na matundu yake ni ya kutazamwa upya.

Kwetu Tanzania Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukaanza kazi mwaka 2001, kwanza kwa watumishi wa serikali. Mtumishi alikatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri akaongeza asilimia 3. Tofauti na kadi ya Lloyd George, huu ulimchukua na mwenzi wa ndoa, na wategemezi wasiozidi wanne. Jambo jema sana. Lakini mwenye watoto watano na mama mzee kijijini anajua tundu lake ni la watu wangapi. Mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya bima ya afya kwa wote.

Kuna tena Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza mwaka 2015 kwa sheria ya mwaka 2008. Mtu akiumia kazini, au akipata ugonjwa kwa sababu ya kazi, mfuko huu humtibu na kumlipa. Fedha zake hutolewa na mwajiri peke yake. Mfanyakazi hakatwi hata senti, ndiyo maana hauoni katika hati yako ya mshahara, na ndiyo maana wengi hawajui kwamba upo. Nilipokuwa nikilipa zile shilingi 5,000 za bima ya ajali, nilikaa mezani mchana kutwa nikiandika barua. Ajali ya kuogopa pale ilikuwa ya basi la kurudi nyumbani, na kweli ajali hiyo bima yangu ingeilipa. Lakini mimi nilikuwa na mke mwenye mimba na mama mwenye ugonjwa wa sukari. Wakala hakuniuliza habari zao, nami sikumwambia. Hakunidanganya hata kwa neno moja.

Basi kabla hujatia sahihi, lete kwanza hati ya mshahara na usome makato ya lazima moja moja. Uliza kila moja linamlipia nani, na kwa jambo gani, na mpaka lini. Yaandike. Kisha andika majina ya watu unaowalisha. Utaona mwenyewe jina lililobaki nje, au ugonjwa uliobaki nje. Hapo ndipo umwulize wakala maswali: Bima hii inamchukua huyu? Nisipolipa miezi miwili, fedha za nyuma zinakwendaje? Nikiacha kazi hapa, inakufa au inanifuata? Ugonjwa nilio nao tayari, mnaulipia? Nikidai, nipeleke karatasi gani, na wapi? Asiyeweza kukujibu kwa maneno unayoyaelewa, mwambie arudi juma lijalo. Wakala mwema hatachukia.

Mtaniuliza habari za bima ya msiba, maana najua inapendwa sana. Sikusema ni mbaya. Katika nchi yetu msiba ni gharama kubwa, na mwenye kuzikia ugenini anajua bei ya gari. Lakini pengine unacho tayari chama cha kuzikana mtaani, na kingine kazini, na kingine cha ukoo. Hiyo ya nne itakuzika mara ya pili?

Kazi ya darasa ni hii. Kila mwenye ajira alete hati yake ya mshahara. Akitaka na afiche kiasi cha mshahara kwa kidole, tunachotaka ni makato. Wasio na ajira wafanye kazi hii na jirani. Chora mstari katikati ya karatasi, upande mmoja andika ya lazima, upande wa pili ya hiari, na chini andika majina ya watu wa nyumbani kwako. Halafu kila mwenye bima ya hiari alete na hati ya bima yenyewe. Najua wengi watasema hawana hati, wana risiti tu, au hawana hata risiti. Hao wasione haya. Juma lijalo tutajifunza kuandika barua ya kuomba nakala, pamoja na mahali pa kuweka tarehe na namba ya bima.